Aliyekuja Kutunyang'anya Viboko

Kila siku baada ya chakula cha mchana alisinzia akiwa amekaa wima, mikono juu ya mapaja, mdomo umefungwa, kama mtu anayengoja kuitwa ofisini. Dakika kumi hivi. Walimu vijana walinong'ona kwamba mafunzo ya huruma yamemchosha hata mwenyewe. Kisha aliamka bila kushtuka na kuendelea na sentensi aliyokuwa ameiacha kabla ya posho, ugali wa huku kwetu, na maharage.

Sisi tulimwita Mkufunzi. Jina lake lilikuwa kwenye barua iliyoletwa kwa mkuu wa shule, lakini sikumsikia mtu akilitumia. Shule yetu iko Mengo, upande wa chini wa ukuta wa Lubiri, kasri la Kabaka, sekondari yenye watoto wengi kuliko madawati. Aliletwa na shirika lililokuwa likizunguka shule za Kampala, akae nasi mihula mitatu, atufundishe kushughulika na tabia za wanafunzi kwa haki na bila kiboko. Kiboko ni neno ambalo Kiganda na Kiswahili vinagawana bila ugomvi. Sheria ilikuwa imekikataza zamani. Tangazo la kukikataza lilibandikwa katika chumba cha walimu, kwenye mlango wa kabati ambamo viboko vilihifadhiwa.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Ukoo wetu ni wa Waislamu wa siku nyingi wa mjini, watu ambao babu zao walikuja na biashara kutoka pwani na hawakurudi, na kwa sababu hiyo wenzangu waliniita Maalim ingawa sijawahi kumsomesha mtu dini. Mkufunzi alifurahi kunipata. Kiswahili chake alikiokota katika kambi ya polisi alikoishi na marehemu mumewe, nacho kilikuwa Kiswahili cha Kampala: hakikujali ngeli, na r na l zilibadilishana viti zilivyopenda.

"Maarim," aliniambia juma la kwanza, "Kiswahiri yangu ni ya amri. Polisi anajua tu kuja, simama, toa. Wewe utanifundisha ile ya kubembereza."

Nilicheka nikamwahidi. Sikumfundisha.

Alikuwa mfupi, mnene kiasi, wa miaka sitini na kitu. Aliogopa bodaboda kama watu wengine wanavyoogopa nyoka, kwa hiyo alitembea kwa miguu kutoka stendi hadi shuleni, kwenye jua na kwenye mvua, na kandambili miguuni, viatu vya heshima ndani ya mfuko wa plastiki. Langoni aliegemea ukuta, akabadilisha, akaingia. Msimu wa nsenene alikuwa na kikopo cha panzi hao wa kukaangwa ndani ya mkoba, akala mmoja mmoja huku tukimsomea kazi zetu za vikundi, akidhani hatumwoni. Alipenda kanisa, alipenda taarabu za zamani ambazo maneno yake hakuyaelewa, na hakupenda kupigwa picha. Alikuwa na daftari la shule, la kurasa tisini na sita, ambamo aliandika jambo moja tu: maneno ya watoto. Si makosa yao. Maneno yao. Kila mwanafunzi aliyeitwa kwa kosa, yeye aliketi pembeni na kuandika alichosema mtoto, neno kwa neno, hata pale aliposema "sijui" mara kumi.

"Sikiliza mpaka mwisho," alitwambia, "hata kama mwisho unaujua. Labda wewe unaujua. Yeye bado hajafika."

Alikuwa na misemo ya aina hiyo, si mingi, na aliirudia mpaka ikatuingia. Mwanafunzi akiletwa kwake kwa kuchelewa, swali la kwanza lilikuwa, "Umetoka wapi?" na la pili, "Umekula?" Mwalimu wa historia aliwahi kumwambia kwa dhihaka kwamba shule si hoteli. Akajibu kwamba ni kweli, hotelini mtu hupokewa kwa salamu.

Siku ya kwanza kabisa aliharibu jambo ambalo hakuweza kulitengeneza tena, nami niliona likiharibika.

Tulikuwa walimu thelathini na kitu, tumekaa kwenye madawati ya wanafunzi, magoti yamegusa videvu. Naibu mkuu wa shule, aliyesimamia nidhamu, aliingia kwa kuchelewa dakika kumi. Naibu alikuwa mwalimu wa fizikia, mtu mkavu, wa kwanza kufika asubuhi na wa mwisho kuondoka, aliyejua jina la kila mtoto na jina la kijiji chake. Siku hiyo alichelewa kwa sababu alikuwa langoni na mzazi aliyekuja kulia kuhusu mwanawe. Mkufunzi hakumjua.

"Wewe," akamwambia kwa Kiingereza. "Simama hapo hapo. Kwa nini umechelewa?"

Naibu akafungua mdomo.

"Kimya. Piga magoti."

Naibu akamtazama mkuu wa shule, ambaye alikuwa anatazama simu yake. Hakupiga magoti, lakini pia hakujua akae au atoke, akabaki katikati ya chumba na mikono yake. Mkufunzi akatugeukia.

"Mmeona? Sasa mwulizeni kama anasikia ninachofundisha. Hivi ndivyo mtoto anavyosimama mbele yenu kila asubuhi."

Lilikuwa somo zuri. Watu walicheka, wengine wakapiga makofi, na nadhani wengi wetu hatukulisahau. Ila Naibu hakucheka. Alitembea hadi dawati la nyuma, akaketi, akatoa kalamu, na kwa mihula yote mitatu aliandika kila kitu bila kuuliza swali hata moja.

Miezi mingi baadaye Naibu aliniambia, bila hasira, tulipokuwa tukisahihisha mitihani: "Alikuwa na haki ya kunifundisha. Hakuwa na haki ya kunifanya kichekesho mbele ya watu ninaowaongoza. Sasa niambie, tofauti yangu na yake ni nini?"

Nilimfikishia Mkufunzi maneno hayo.

"Nilimpiga," akasema. "Bira fimbo, lakini nilimpiga."

"Mwombe radhi, Mama."

"Nitamwomba."

Hakumwomba. Huo ulikuwa ukweli wake mwingine. Kwa watoto alikuwa na subira isiyo na chini. Kwa watu wazima hakuwa nayo hata ya kijiko. Alimkata mkuu wa shule maneno mbele ya wageni. Alimwambia mwalimu wa Kiingereza, mwanamke mwenye haya, kwamba sauti yake inatisha kuliko bakora. Mtu akikosea zoezi, alimrudisha mwanzo mbele ya wote. Mara nyingine nilijiuliza kama haya yote ya upole aliyafundisha kwa sababu alijua jinsi ukali ulivyomkaa rahisi.

Hata hivyo, kulikuwa na muhula mmoja, wa pili, ambamo jambo lilishika. Sisemi haya kumpamba. Tuliandika makubaliano ya shule, ukurasa mmoja: mwanafunzi akituhumiwa, haadhibiwi siku hiyo, anasikilizwa na watu watatu, mmoja wao mwalimu wake wa darasa, anasema mpaka amalize, kisha ndipo inaamuliwa, na adhabu haigusi mwili wala haimwaibishi. Mkuu wa shule alitia sahihi. Naibu alitia sahihi, kwa mwandiko wake mzuri. Viboko vikatolewa kabatini vikapelekwa kwa mpishi, akachemshia maji ya chai. Mkufunzi alikunywa chai ile akisema ina ladha ya moshi wa dhambi.

Mambo yalibadilika kidogo kidogo. Mwalimu wa hesabu, ambaye zamani alitembea na mpira wa bomba la maji, alianza kutembea na mikono mifukoni kama mtu aliyeacha sigara. Watoto waliacha kuruka ukuta siku ya majaribio. Darasa langu lilikuwa la kidato cha pili, na niliona watoto wawili watatu ambao hawakuwahi kuinua macho wakiinua macho. Hiyo tu. Lakini ukiwa mwalimu, hiyo si kitu kidogo.

Jumamosi moja ya muhula huo aliniomba nimsindikize soko la Owino. Nilidhani anataka msaada wa kubeba mizigo. Tukapita katikati ya marundo ya nguo za mitumba, watu wakituvuta mikono, mpaka kwa mwanamume mmoja wa miaka arobaini na kitu anayeuza viatu. Alipomwona Mkufunzi aliacha mteja wake, akafuta kigoda kwa shati lake mwenyewe, akamkalisha.

"Huyu ni mwalimu wangu wa darasa la sita," aliniambia. Alikuwa akigeuza kichwa kila niliposema, ili sikio la kulia linielekee. "Unaona hili la kushoto? Halisikii. Nilicheka wakati wa sala, akanizaba kofi moja. Moja tu, ssebo, bwana wangu. Mkono wake ulikuwa mzito enzi hizo." Alicheka mpaka wauza viatu wa jirani wakacheka. "Angeniacha, leo ningekuwa mwizi. Huyu ndiye aliyenifanya mtu."

Mkufunzi alikaa kwenye kigoda akitazama viatu. Alichagua jozi, akalipa, hakuijaribisha. Tulipofika barabarani nilimwona anatembea haraka, pumzi fupi.

"Kira mwezi nakuja," akasema. "Nyumbani nina viatu mingi, hata havinitoshi. Nimemwomba msamaha mara sita, Maarim. Anakataa. Anasema hakuna kosa."

"Basi amekusamehe, Mama."

"Hapana. Sikiliza vizuri. Mtu akikataa kukusamehe, unaweza kungojea. Mtu akikataa kwamba umemkosea, utangojea nini?"

Tuliendelea kutembea. Karibu na stendi aliniambia pia kuhusu mwanawe, wa pekee, ambaye alikuwa mlinzi huko Uarabuni. Alimlea akiwa mwalimu mkali, mke wa polisi, na hakutaka mtu aseme mtoto wake anapendelewa. "Watoto wa wengine niliwapiga shureni. Yeye nilimpiga shureni, nikampiga na nyumbani." Alipoacha kiboko, mtoto alikuwa ameshakua. Kijana alimpigia simu Krismasi na Pasaka, akamuuliza afya, akakata.

Haya hakuwaambia wenzangu hata siku moja. Wao walidhani alizaliwa mpole, na kwamba anatusema sisi kwa sababu hajawahi kushika darasa la watoto themanini. Nilimshauri awaeleze. Nilimwambia kwamba wangemsikiliza zaidi wakijua alikuwa mmoja wao.

"Nikiwaambia," akasema, "watauliza yuko wapi yule niliyempiga. Na mimi nitawapereka Owino, na yeye atawaambia asante."

Sikumshauri tena.

Sasa nifike kwa Zaituni.

Alikuwa msichana wa darasa langu, wa miaka kumi na minne, mwembamba, mtulivu, aliyeishi Kisenyi na bibi yake. Asubuhi walikaanga mihogo barabarani kabla ya shule, kwa hiyo sare yake ilinukia mafuta, na wenzake walimtania kwa hilo. Muhula wa tatu, juma la mtihani, Naibu alimkuta na ukurasa mmoja wa mtihani wa fizikia ndani ya kitabu chake. Mtihani ulikuwa bado haujafanywa. Ilikuwa Ijumaa jioni. Naibu alifuata makubaliano kama yalivyoandikwa: hakumgusa, alimwandikia mkuu wa shule, na kikao cha kumsikiliza kikapangwa Jumatatu saa sita mchana. Watatu wa kusikiliza walikuwa Naibu, mimi, na mwalimu mmoja wa kike. Mkufunzi angekaa pembeni na daftari lake.

Mwisho wa juma habari zilienea kwenye simu za wazazi. Kufikia Jumapili kundi lao la WhatsApp lilikuwa linawaka. Shule imelegea. Wezi wa mitihani wanabembelezwa. Tangu aje yule mama, watoto hawaogopi kitu. Mkuu wa shule alisoma yote, na najua alimpigia Naibu simu. Hawakuniambia walisemezana nini.

Jumatatu asubuhi, mstarini, mbele ya shule nzima, Naibu aliita jina la Zaituni. Mwalimu wa zamu alikuwa ameleta kiboko kipya, kibichi, bado kina gome. Sisi walimu tulisimama mbele, kama kawaida, tukiwaelekea wanafunzi. Zaituni alilazwa kifudifudi juu ya nyasi zenye umande. Viboko vya Naibu vilikuwa kumi na viwili. Watoto walihesabu kwa sauti, kwa sababu zamani ndivyo walivyozoeshwa, na hawakuwa wamesahau.

Nilijua kikao ni saa sita. Nilikuwa na nakala ya makubaliano ndani ya mfuko wa koti. Ningeweza kupiga hatua nne na kusema, Naibu, ngoja. Pengine isingebadilisha kitu. Lakini sikupiga hata moja, na sababu haikuwa kubwa: wenzangu wote walikuwa wamesimama, nami nikasimama.

Mkufunzi alifika saa tano na nusu. Nilimwona langoni akiegemea ukuta na kubadilisha viatu. Nikaenda kumweleza kabla mtu mwingine hajamweleza.

"Alisikilizwa?" akauliza.

"Hapana, Mama."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Mstarini."

"Mstari wa nyuma?"

"Wa mbele."

Akafungua daftari palepale, akaandika maneno yangu. Ndiyo mara pekee niliyoona akiandika maneno ya mtu mzima. Kisha akauliza msichana yuko wapi. Zaituni alikuwa ameondoka. Hakuna aliyemzuia.

Tulimfuata Kisenyi mchana huo huo. Bibi yake alitutazama, akatuonyesha chumba, akarudi kwenye kikaango chake bila kutukaribisha. Zaituni alikuwa amelala kwa tumbo juu ya mkeka. Mkufunzi aliketi sakafuni karibu na kichwa chake, akasema kwa Kiganda, polepole, "Nimekuja kusikiliza. Hata kama nimechelewa."

Msichana alisema yote. Ilichukua karibu saa nzima. Wiki ile ilikuwa zamu yake kumwaga taka za chumba cha kuchapia. Ndani ya kikapu alikuta karatasi zilizoharibika, upande mmoja mweupe. Nyumbani hawakuwa na karatasi za kufanyia hesabu, akachukua nne. Tatu zilikuwa ratiba za zamani. Ya nne hakuigeuza. Alituonyesha zile tatu. Zilikuwa zimejaa hesabu zake, mwandiko mdogo, bila nafasi iliyopotezwa. Naibu alipoipata ile moja na kumwuliza, alisema "ya takataka," akaambiwa asiutukane mtihani.

Mkufunzi aliandika mpaka mwisho. Hakumkatiza. Alipomaliza, Zaituni aligeuza uso, akamwangalia.

"Madam, sasa nimesema. Itabadilisha nini?"

Nilimtazama Mkufunzi. Nilikuwa nimemsikia akijibu mkaguzi wa elimu, padri, na wazazi waliokuja wamekunja ngumi. Alifunga daftari. Akaweka mkono karibu na mkono wa mtoto, bila kuugusa.

"Sijui," akasema.

Zaituni hakurudi shuleni. Nilipita Kisenyi mara mbili baada ya hapo. Mara ya pili bibi alisema amepelekwa kwa shangazi Masaka.

Tulipeleka zile karatasi tatu kwa mkuu wa shule. Alizitazama pande zote mbili, akasema ni jambo la kusikitisha, akaziweka chini ya faili. Naibu aliitwa. Alisoma maelezo yote ndani ya daftari akiwa amesimama, akarudia ukurasa wa mwisho. Naamini aliumia. Alisema, "Nilipaswa kungoja," kwa sauti ya chini. Kama Mkufunzi angenyamaza wakati huo, labda kitu kingezaliwa. Lakini yeye alisema, mbele ya mkuu na mbele yangu, "Mihula mitatu umeandika kama karani na hukujifunza hata neno moja."

Naibu akafunga daftari, akalirudisha mezani.

"Nilijifunza siku ya kwanza, nnyabo, mama yangu," akasema. "Ulinifundisha mwenyewe, mbele ya watu wote."

Akatoka. Mkufunzi alibaki ameshika ukingo wa meza.

Juma lililofuata kulikuwa na mkutano wa wazazi. Alipewa nafasi ya kuzungumza. Hakutaja jina la Zaituni, kwa kumlinda, kwa hiyo alichosema kilikuwa hewa tupu, haki, huruma, kusikiliza. Mzazi mmoja, mwanamume wa heshima, akasimama, akasema kwa upole: "Mama, sisi wote humu tulipigwa na tuko hapa. Mwanangu mpigeni, mnirudishie mtu." Ukumbi ukapiga makofi. Nilimwona Mkufunzi akiwatazama watu wale mmoja baada ya mwingine, kama anayewatafutia sikio lisilosikia.

Muhula ulikwisha na mkataba wake ukaisha. Hakukuwa na sherehe. Siku ya mwisho aliniachia nakala ya makubaliano, akaniambia, "Wewe ni mwema, Maarim. Ndiyo shida yako." Nikamsindikiza hadi kona. Januari viboko vilirudi kabatini, na hakuna aliyevileta, vilikuwepo tu.

Miaka imepita tangu hapo. Naibu alihamishwa kuwa mkuu wa shule nyingine, na mimi nikapewa nafasi yake. Niliikubali kwa nia njema. Mwaka wa kwanza niliweka kiti cha ziada ofisini, nikasikiliza watoto mpaka koo zao zikakauka. Walimu walinipenda huku wakinicheka. Kisha mwalimu mmoja kijana akapigwa jiwe na wanafunzi, wenzake wakagoma kuingia madarasani mpaka "kitu kifanyike," na mkuu wa shule akanitazama. Tangu siku hiyo tuna utaratibu. Mimi simpigi mtoto. Natia sahihi kwenye karatasi, na karatasi inakwenda kwa mwalimu wa zamu.

Mwanzo wa mwaka huu, wiki ya kuandikisha wanafunzi wapya, nilikuwa mezani na daftari la majina, foleni imefika nje. Niliinua kichwa nikamwona. Alikuwa amekonda, na alitumia bakora ya kutembelea. Pembeni yake alisimama msichana wa miaka kumi na mitatu, mrefu, nywele zimenyolewa kwa ajili ya shule.

"Maarim," akasema. "Umekuwa mkubwa."

Nilisimama, nikamsalimu kwa mikono yote miwili, nikamtolea kiti. Tulipoulizana hali alisema anaishi Luzira sasa, chumba kimoja, karibu na ziwa, na kwamba mafunzo aliyaacha zamani. Mashirika yamehamia kwenye mambo mengine. Msichana alikuwa mjukuu wake. Baba yake bado yuko Uarabuni, mama aliolewa kwingine.

"Luzira kuna shule, Mama. Kwa nini umemleta mbali hivi?"

Alitabasamu bila meno kuonekana. "Baba yake amechagua. Aliuliza watu huko huko aliko, wakamwambia Mengo kuna shule yenye nidhamu. Aliniambia kwa simu, Mama, mtafutie mtoto wangu nidhamu kama ile uliyonipa mimi. Kama isingekuwa wewe, nisingefika huku." Akamtazama msichana. "Ni mtoto wake. Siyo wangu."

Foleni ilikuwa inasogeza miguu. Nilichukua kalamu.

"Hapa mnapiga?" akauliza.

"Mimi sipigi, Mama."

"Sikuuliza wewe. Nimeuliza hapa."

Nilitazama daftari la majina. "Wanapiga," nikasema.

"Asante kwa kusema kweri." Akaitikia kwa kichwa, mara mbili, kama mtu anayepokea chenji yake na kuikuta sawa. Kisha akamgeukia msichana, akaongea naye kwa Kiganda, si kwa kunong'ona, sauti ileile aliyotufundishia.

"Ukiitwa, nenda. Usikimbie, wataongeza. Nipe mkono."

Msichana akanyoosha mkono. Bibi akaugeuza kiganja kikatazama juu, akabana vidole pamoja, kidole gumba akakificha ubavuni.

"Hivi. Usiuvute. Ukiuvuta, wanaanza kuhesabu upya. Wakimaliza, sema nimekosa, naomba radhi."

"Hata kama si mimi?" msichana akauliza.

Mkufunzi hakumkatiza. Alingoja, kana kwamba huenda mtoto ana neno jingine la kuongeza. Hakuwa nalo.

"Hata kama si wewe," akasema.

Msichana akaitikia. Kisha wote wawili wakanigeukia, nami nikauliza jina lake, nikaliandika.